Ndege Isiruke kwa Nati ya Kukadiria

Ndege ndogo iliyofungwa kwa kukadiria haifai kuruka. Hiyo ndiyo kauli yetu, na hatuizungushi. Fundi anayekaza nati kwa kusikilizia mkono wake, anayerudisha kotapini, yaani pini ya kufungia nati, iliyokwisha tumika, au anayeokota bolti kwenye mkebe wa mabaki kwa sababu inafanana na ile iliyotoka, ameweka roho za watu rehani. Mwenye ndege anayemharakisha fundi huyo ni mshirika wake. Mkaguzi anayetia saini bila kuinama na kutazama ni mshirika wa tatu.

Tunayasema haya tukiwafikiria wakazi wa Miyuji. Kata hiyo iko kaskazini mwa Jiji la Dodoma, upande wa kuelekea Msalato, ambako uwanja mpya wa ndege wa kimataifa unajengwa, wenye njia ya kurukia ya mita 3,600. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la mradi huo Oktoba 2022. Tangu Serikali ilipohamishia shughuli zake Dodoma, safari za anga za makao makuu zimekuwa jambo la kila siku, na zitaongezeka. Ndege zikiongezeka, karakana nazo zitaongezeka, na bolti zitakazofunguliwa na kufungwa kila wiki zitaongezeka kuliko vyote. Mtu aliyejenga Miyuji hana namna ya kujua nati ya ndege inayopita juu ya bati lake imekazwa vipi. Amewaachia wengine kazi hiyo. Ana haki ya kudai ifanywe sawasawa.

Dodoma si mgeni wa ndege. Mwaka 1932, Imperial Airways ya Uingereza ilipoanzisha safari za kutoka Misri hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa miongoni mwa vituo vyake, kati ya Moshi na Mbeya. Baadaye, kwa miaka mingi, shirika la kimisionari la Mission Aviation Fellowship, ambalo wengi hapa wanalijua kwa jina la MAF, liliifanya Dodoma kituo cha ndege zake ndogo za Cessna, zilizowapeleka waganga na wauguzi kwenye vijiji ambavyo masika huvikatia barabara. Kwa hiyo ndege ndogo katika nyanda hizi za kati si anasa ya matajiri. Ni chombo kinachomfikishia mama mjamzito mkunga na mtoto chanjo. Hiyo ni sababu ya kuidaia ndege hiyo uangalifu zaidi, wala si ya kuivumilia kasoro.

Hatumtuhumu mtu yeyote wala karakana yoyote ya Dodoma. Tunachohukumu hapa ni mwenendo, ambao umeua watu katika nchi zilizotutangulia kwa vifaa, kwa fedha na kwa wakaguzi. Ikiwa umewashinda wao, ni ujinga kudhani kwamba sisi tumekingwa nao.

Kwanza ieleweke kwa nini ndege ndogo haisamehe. Ndege kubwa ya abiria hujengwa kwa mifumo ya akiba: injini ikizima ipo nyingine, bomba la haidroliki likipasuka yapo mengine. Ndege ya injini moja ina injini moja na propela moja, na fimbo inayosukuma usukani wa mkia ikichomoka, rubani hana nyingine ya kushika. Kisha tazama inakofanyia kazi. Uwanja wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi cha Ugogo huleta vumbi jembamba linaloingia kwenye kila mwanya. Huko vijijini ndege hutua kwenye changarawe na udongo mgumu. Kila kutua ni mtikisiko, na kila saa ya injini ni mtetemo usiokoma. Mtetemo ndio adui wa nati. Haukati chuma kwa siku moja. Huilegeza nati robo mzunguko baada ya robo mzunguko, mpaka siku inapodondoka.

Ndiyo maana waliobuni ndege hawakuiacha nati ishikwe na nguvu za mkono peke yake. Waliweka masharti, na masharti hayo hayana siri yoyote. Yameandikwa kwenye kitabu cha matengenezo cha kila ndege.

Sharti la kwanza ni bolti iwe ile iliyoandikwa: namba yake, unene wake, urefu wake. Sehemu laini ya bolti, isiyo na meno, ndiyo inayopaswa kukaa ndani ya tundu la vyuma vinavyoungwa. Bolti ikiwa fupi, meno huingia tunduni, yakala chuma na kuipunguzia bolti nguvu. Ikiwa ndefu mno, nati hufika mwisho wa meno na kugoma. Fundi hudhani amekaza, kumbe vyuma viwili bado vinacheza. Bolti ikielekezwa juu chini, kichwa hukaa juu. Ikielekezwa mbele nyuma, kichwa hukaa mbele, isipokuwa kitabu kimesema vingine. Sababu yake ni ya uhai: hata nati ikidondoka, bolti yenyewe inaweza kubaki mahali pake mpaka ndege itue.

Sharti la pili ni kukaza kwa kipimo. Bolti ndogo ya kawaida ya ndege, ile yenye unene wa inchi 3/16, ikiwa na nati ya kawaida na meno makavu, hutaka mkazo wa pauni-inchi 20 hadi 25, yaani takriban nyutoni-mita 2.3 hadi 2.8. Hiyo ni nguvu ndogo ambayo mtu mzima mwenye spana huipita bila kujua. Akiipita, bolti huvutika, na bolti iliyovutika hukatika baadaye, angani, si pale karakanani. Akipungukiwa, vyuma husuguana na tundu hupanuka. Mafuta kwenye meno nayo hubadilisha hesabu: kipimo kilekile kwenye meno yenye mafuta huibana bolti kupita kiasi. Rangi iliyoachwa chini ya washa hubonyea taratibu na kuulegeza mkazo uliokuwa sahihi asubuhi. Kwa hiyo spana ya kupimia mkazo ni ya lazima, na spana yenyewe lazima ihakikiwe kwa wakati. Spana ya kipimo iliyoanguka sakafuni mara tatu na haijahakikiwa miaka miwili inasema uongo kwa tarakimu.

Sharti la tatu ni kufuli. Kukaza peke yake hakutoshi. Nati ya kujishika yenyewe, yenye pete ya nailoni ndani, hushika kwa msuguano, na msuguano huo hupungua kila inapofunguliwa na kufungwa. Inayoingia kwa vidole mpaka mwisho imekufa, itupwe. Nailoni haivumilii joto la zaidi ya nyuzi 121 za Selsiasi, hivyo haina kazi karibu na sehemu za moto za injini. Na pale bolti inapozunguka pamoja na kiungo, kama kwenye mikono ya usukani, nati hiyo haitoshi. Panatakiwa nati yenye mapengo kichwani na kotapini iliyopita katikati ya bolti na kukunjwa. Kotapini ni ya kutumika mara moja tu. Waya wa kufungia nao husokotwa na kuvutwa upande unaokaza nati. Ukivutwa upande wa kuifungua, ni pambo tu.

Masharti ni hayo matatu. Hakuna hata moja linalohitaji kipaji. Yanahitaji utii, na hapo ndipo watu wameanguka.

Juni 10, 1990, ndege ya British Airways ilipaa kutoka Birmingham kwenda Malaga. Ilipofika urefu wa futi 17,000 na ushei, kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kiling'oka. Rubani huyo, Tim Lancaster, alivutwa na upepo akatoka nusu mwili nje, wahudumu wakamshika miguu. Msaidizi wake, Alastair Atchison, aliishusha ndege Southampton, na hakuna aliyekufa. Kioo hicho kilikuwa kimefungwa saa 27 kabla ya safari. Kati ya bolti 90 zilizotumika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa tofauti isiyofika milimita moja, na sita zilizobaki zilikuwa fupi. Aliyezichagua hakuwa mwanafunzi. Alikuwa msimamizi wa zamu ya usiku. Alilinganisha bolti mpya na ya zamani kwa macho badala ya kufungua kitabu kusoma namba, na hakuna mtu wa pili aliyetakiwa kuikagua kazi yake.

Mwaka uliofuata, Septemba 11, 1991, ndege ndogo ya abiria ya Continental Express ilisambaratika angani karibu na Eagle Lake, Texas, ikaua watu wote 14 waliokuwamo. Usiku uliotangulia, zamu moja ilikuwa imefungua skrubu 47 za juu kwenye ukingo wa mbele wa mkia, upande wa kushoto. Zamu ikabadilika. Waliopokea hawakuandikiwa kwamba skrubu hizo zimetolewa, wakafanya kazi upande wa kulia, na asubuhi ndege ikaruhusiwa kubeba watu. Wakaguzi wa zamu hawakukosekana, na skrubu zenyewe hazikuwa zimepotea. Kilichokosekana ni sentensi moja kwenye karatasi ya makabidhiano.

Bolti bandia nazo zina hesabu yake. Septemba 8, 1989, ndege ya shirika la Partnair la Norway ilianguka baharini ikiwa njiani kwenda Hamburg, ikaua watu wote 55. Wachunguzi walikuta kwamba bolti na pini zilizoushikilia mkia wake hazikuwa halali na hazikuwa na nguvu inayotakiwa. Anayetushawishi kwamba bolti ya duka la vifaa vya ujenzi ni chuma kama chuma kingine, akumbushwe watu hao 55.

Asidhani mtu kwamba haya yaliisha na karne iliyopita. Desemba 7, 2011, helikopta ya watalii ilianguka karibu na Las Vegas na kuua watano, siku moja baada ya kutoka kwenye matengenezo. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilikuta kwamba nati ya kujishika iliyochakaa ilikuwa imerudishwa, na kwamba pini ya kuifungia haikuwekwa au iliwekwa vibaya. Ilitaja pia uchovu wa fundi na wa mkaguzi. Septemba 4, 2022, ndege ya maji aina ya Otter, yenye injini moja, ilianguka kwenye maji ya Mutiny Bay, jimbo la Washington, na kuua wote 10. Nati ya kifaa kinachorekebisha mkia ilikuwa imejifungua kwa sababu pete yake ya kufungia haikuwapo. Na Januari 5, 2024, Boeing 737 ya Alaska Airlines ilipoteza kizibo cha mlango ikiwa angani, kwa sababu bolti nne zilizotolewa kiwandani hazikurudishwa. Kazi ya kukifungua kizibo hicho haikuwa imeandikwa popote.

Soma matukio hayo kwa pamoja, utaona kwamba tatizo halikuwa kukosa elimu peke yake. Wengi wa wahusika walikuwa na vitabu na vifaa. Walichokosa ni nidhamu ya kufanya jambo dogo kana kwamba ni kubwa, na mtu wa pili wa kuwaambia kwamba hawakulifanya. Wahenga walishasema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Tunazijua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza ni gharama: nati moja halali, yenye karatasi zake, huagizwa kutoka ng'ambo, na ndege husimama wiki nzima ikiisubiri. Ni kweli. Lakini aliyeamua kumiliki ndege aliamua pia kumiliki kusubiri huko. Asiyeweza kununua nati halali hawezi kuwa na ndege. Auze.

Hoja ya pili ni uzoefu: fundi mwenye miaka ishirini mkono wake umekuwa kipimo. Si kweli. Mkono uliochoka saa nane usiku haufanani na mkono wa saa mbili asubuhi, na mkono wenye mafuta haujui kama meno ya bolti ni makavu. Uzoefu unamfundisha fundi wapi pa kuangalia. Haumpi ruhusa ya kutopima. Msimamizi wa Birmingham alikuwa na uzoefu.

Hoja ya tatu ni haraka: abiria wamekaa, kiongozi anasubiriwa kwenye mkutano, mgonjwa anatakiwa hospitali. Hii ndiyo hoja hatari kuliko zote, kwa sababu imevaa nguo za huruma. Mgonjwa anayepakiwa kwenye ndege isiyokaguliwa hajasaidiwa. Amehamishwa kutoka hatari moja kwenda nyingine, na rubani na muuguzi wameongezwa juu yake.

Kwa hiyo tunatamka wazi nani anapaswa kufanya nini.

Mwenye ndege: nunua spana ya kipimo, gharamia kuihakiki, weka akiba ya kotapini, nati na washa halali, na usimuulize fundi wako ndege itatoka saa ngapi kabla hajakwambia imekwisha. Agizo la kukatisha ukaguzi likitoka kinywani mwako, msiba utakaofuata ni wako kwanza.

Fundi: fungua kitabu kila mara, hata kwa kazi uliyoifanya mara mia. Tupa kotapini iliyotoka. Piga mstari wa rangi juu ya nati na chuma chake baada ya kukaza, ili yeyote apitaye aone kama imesogea. Hesabu zana kabla ya kufunga kifuniko. Zamu ikiisha kazi haijaisha, andika ulichofungua na ulichoacha, kisha mwoneshe kwa kidole anayekupokea. Na ukiwa umechoka, sema. Hakuna aibu ya kuahirisha. Aibu ni kutia saini usilolijua.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayotoa leseni za mafundi na idhini za karakana. Tunaitaka iende karakanani bila kupiga simu kwanza, ifungue makabati ya bolti, ivute spana za kipimo na kusoma tarehe za kuhakikiwa kwake. Faili safi ofisini haishikilii mkia wa ndege. Ukaguzi wa mtu wa pili, ambao ni desturi ya zamani kwenye mifumo ya usukani, ufanyike kwa kila kiungo ambacho kikilegea ndege haitui salama, na mkaguzi huyo asiwe aliyeshika spana. Karakana inayokutwa na vipuri visivyo na karatasi ifungwe siku hiyohiyo, bila kujali ndege za nani zimo ndani.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kinafundisha vijana matengenezo ya ndege. Tunakiomba kisimtoe mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa maandishi lakini waya wake wa kufungia unavuta upande wa kufungua. Huyo hajafaulu. Na Msalato itakapoanza kazi, vijana wa Dodoma, wakiwamo wa Miyuji, watakaotafuta ajira kwenye karakana za hapo wapate mafunzo hayo kwa ukamilifu, wasiingizwe kama vibarua wa kushika tochi na kuja kuachiwa spana.

Jambo moja lisichanganywe na ukali huu. Fundi anayesema mwenyewe, kabla ndege haijaruka, kwamba amesahau pini, asiadhibiwe. Ashukuriwe mbele ya wenzake. Utaratibu wa kimataifa wa uchunguzi wa ajali za ndege umejengwa juu ya msingi huo: kutafuta chanzo ili kisirudie, badala ya kutafuta wa kulaumiwa. Ukimwadhibu anayekiri, kesho utabaki na wanaoficha. Adhabu yetu tunaielekeza kwa anayeficha, anayeghushi saini na anayeuza bolti bandia. Hao wapelekwe mahakamani kama wahalifu wengine, na leseni zao zisirudi.

Abiria naye ana sehemu yake. Rubani akitangaza kwamba safari imeahirishwa kwa sababu fundi hajaridhika, usigombe, usipige simu kwa mkubwa. Mpe fundi huyo heshima yake, kwa kuwa amekataa kukudanganya.

Uamuzi wetu ni huu: ndege ambayo bolti yake si ile iliyoandikwa, haikukazwa kwa kipimo, haikufungwa kwa kufuli yake, au haikutazamwa na mtu wa pili, ibaki chini. Ibaki chini hata kama ni ya Serikali, hata kama ni ya kanisa, hata kama mwenye mali yuko nje ya karakana akitazama saa.